Samaki Waliodokoa Mihogo

Sogeeni, ngano imeshuka.

Tupokigwe aliloweka mihogo ziwani kama wenzake, samaki wadogo wakawa wanaidokoa. Akakasirika, akaliita zimwi la ziwa.

“Babu, waondoe wezi hawa.”

“Wote?”

“Wote.”

“Hata wanaolamba utelezi kwenye mawe?”

“Hata hao.”

“Nani atalamba?”

“Hiyo si kazi yangu.”

Zimwi likafungua kinywa, likawameza.

Mihogo ikakaa salama. Lakini utelezi ukaota kwenye mawe yote, ukafunika maji, maji yakaoza. Kijiji kikakosa pa kuteka. Tupokigwe akaopoa mihogo yake: haijadokolewa hata kidogo, na inanuka hailiki.

Akamrudia babu. “Warudishe.”

“Nimeshawala,” likajibu zimwi. “Ila kazi yao ipo. Piga magoti hapo, anza kulamba.”

Ngano imeishia hapo. Tupokigwe bado yuko jiwe la pili.