Zamu ya Bibi Nakijwa

Kaeni, lakini msinibane, joto lenyewe hili. Nina kesi moja inaninyima raha. Nikishaisema mtahukumu ninyi, maana mimi imenishinda.

Kule kwetu Upare, kwenye kitongoji kimoja cha mlimani, walikuwako majirani watatu. Namsifu alikuwa na pua. Mboga ikiungua nyumba ya tatu, yeye ndiye wa kwanza kujua, na atakutajia ni mboga gani. Mbonea alikuwa na mikono. Kipande ambacho wewe ungekilima siku nzima, yeye kabla ya uji ameshakimaliza. Eliamani alijua maji. Akiyafungulia kwenye ndiva, lile bwawa letu la kumwagilia, huyafikisha mwisho wa shamba na hayapotei njiani.

Jirani yao alikuwa Bibi Nakijwa, aliyekuwa analea mjukuu wa miezi saba.

Mwaka huo kiangazi kilituonea. Ukikanyaga chini mchana, unaruka. Maji yakawa ya zamu, kila nyumba siku moja, kisha unangoja siku kumi na mbili. Bibi, ili bustani isife, akatandaza majani makavu juu ya udongo. Wote tulifanya hivyo, na ni jambo zuri. Ila yeye aliyatandaza mpaka ukutani, mpaka kizingitini, apate kukanyaga pa baridi akitoka. Hapo ndipo alipokosea, maskini, na sisi wote tulipita tukaona, tukanyamaza.

Alasiri moja moto ukashuka kutoka msituni. Bibi amelala ndani na mtoto, kanga iliyoloweshwa imetundikwa dirishani.

Namsifu alikuwa anasukwa. Akanusa, akashtuka.

"Tulia, huo ni mkaa wa watu," msusi akamwambia.

"Mkaa haunuki hivi. Hizi ni nyasi, na ni upande wa Bibi."

Akaondoka na nywele nusu, akipiga yowe njia nzima.

Mbonea alilisikia yowe akiwa anakula. Alifika na jembe, tonge bado liko mdomoni. Akaanza kukwangua yale majani kutoka kizingitini, anayatupa mbali, moto unamfuata miguuni, mpaka ukabaki udongo mtupu wa hatua tatu kati ya moto na ukuta. Aliungua nyayo. Mpaka leo hawezi kuvaa kiatu.

Lakini cheche ziliruka, mlango wa mbao ukashika moto. Bibi na mtoto bado wako ndani, na mlango ndio huo mmoja.

Sasa siku hiyo ilikuwa zamu ya Eliamani. Maji yake yalikuwa yamefika nusu ya mfereji, yanaelekea kwenye nyanya alizozihangaikia tangu mbegu. Akayatazama maji, akazitazama nyanya. Kisha akavua shati, akaziba mfereji kwa shati na udongo, akayageuza kwa Bibi. Wakayachota kwa sufuria na ndoo mpaka mlango ukazimika. Bibi akatoka anakohoa, mtoto mgongoni, mzima. Nyanya za Eliamani zilikauka zote wiki ile.

Siku ya kumi baada ya moto, Bibi akawaita wote watatu.

"Wanangu, mgongo wangu umekwisha, na bustani ni majivu. Zamu yangu ya maji ni kesho. Naiacha moja kwa moja, aichukue mmoja wenu."

"Si tugawane, Bibi?" akasema Namsifu.

"Kwa jua hili? Ukiikata vipande vitatu, udongo utayanywa njiani. Hakuna atakayevuna hata tembele."

Hapo wakaanza.

"Bila pua yangu mngekuwa mnafukua majivu," alisema Namsifu.

"Pua haizimi moto," alisema Mbonea. "Nisingekwangua yale majani, maji yangekuta nyumba imekwisha."

"Na bila maji, mlango ungeungua na waliomo," alisema Eliamani. "Mimi nilikuwa na zamu, nikaitoa. Sasa sina maji wala nyanya."

"Basi wewe unadai fidia," alisema Mbonea. "Hapa tunazungumzia zawadi."

"Na wewe unaonyesha nyayo za nini, kama si fidia?"

Namsifu akasema, "Mimi sikuungua, na sikupoteza kitu. Kwa hiyo kuwahi si kazi?"

Bibi alimhamisha mtoto kutoka bega hili kwenda lile, akawaambia waje asubuhi.

Asubuhi wamesimama watatu pale ndivani, kila mtu na jembe lake. Maji yamejaa mpaka ukingoni na jua limeshaanza kuchoma. Bibi Nakijwa ameshika kizibo cha ndiva, na mifereji ya kupeleka maji ni mitatu, mmoja kwa kila shamba lao. Akikawia, jua litayala.

Haya, msinitazame mimi. Ungekuwa wewe umeshika kile kizibo, ungemfungulia nani?