Zimwi Lililotaka Vipande Vingi

Anayeona naongopa na anyooshe mkono sasa hivi. Hakuna? Basi tulieni, fundi nimeshika hadithi.

Mize alikuwa akimpelekea mama yake, aliyejifungua jana yake, mkate wa kumimina. Akakuta zimwi limeikunja njia nzima kama mkeka, limeikalia.

“Nipe nusu ya mkate, au nakumeza wewe!”

Mize akaukata katikati, akalipa nusu.

“Kimoja tu? Binti, unanidharau!”

Mize akawaza: nikiongeza, mama atalala njaa. Akaikata katikati ile nusu ya zimwi.

“Haya, babu, viwili hivyo.”

“Viwili tu? Na meno yote haya?”

Akavikata tena, kila kimoja katikati.

“Vinne, babu.”

Zimwi likahesabu kwa vidole, likacheka mpaka kunguru wakahama mtaa. “Mimi vinne, wewe kimoja! Nimekupiga bao, mtoto!” Likaikunjua njia.

Mize alipofika mbali akageuka. “Babu! Kabla hujala, hebu viunganishe!”

Zimwi likaviunganisha vinne vyote. Ikatokea nusu ile ile, haikuzidi hata chembe. Likapiga yowe, lakini Mize alishaanza kumlisha mama.

Sasa, kuna mahali nilipapitia juu juu. Mize huyo ni bibi yangu. Alikuwa akitugawia mkate, dada yangu nusu nzima, mimi nusu iliyokatwa vipande vinne, nami namcheka dada kwamba kapunjwa. Nimeng’amua juzi tu, na ndevu zangu hizi.