Malaika wa Bahameli

Sogeeni karibu. Mwepesi wa kuhukumu aushike ulimi wake mpaka mwisho, maana huko ndiko hukumu inakotakiwa.

Walikuwapo wanawake watatu katika mtaa mmoja wa Tanga, kila mmoja na alichojaaliwa na Mola wake. Somoe alijaaliwa sindano: akiziba tundu, hata aliyelitoboa halioni tena. Khairun, aliyefunzwa na bibi yake wa Kihindi, alijaaliwa zari. Uzi wa dhahabu ukipita vidoleni mwake, ua linachanua. Na Mwanahawa alijaaliwa pasi. Nguo kuukuu ikitoka mezani kwake, mwenyewe huuliza kama kweli ni yake.

Basi Mzee Alibhai alikuwa anamwoza binti yake, Nargis. Mama wa Nargis alikufa siku ya kumzaa, akaacha mtandio wake wa harusi: bahameli ya rangi ya zambarau iliyoiva, nakshi za korosho pembe zote. Desturi ya nyumba ile, bibi harusi hufunikwa mtandio na mama yake. Mama asipokuwapo, anayemfunika ndiye huitwa mama mpaka kufa. Lakini mtandio umeliwa na nondo, zari imekatika, na miaka ishirini ya kukunjwa sandukuni imeuvunjavunja.

Mzee akasema mbele ya watu, "Atakayeurudishia mtandio huu uhai wake, ndiye atakayemfunika binti yangu."

Mwanahawa hakuwahi kupata mtoto. Maneno yale hakuyasikia kwa sikio, aliyasikia kwa moyo.

Akaanza Somoe. Hakutafuta bahameli ya dukani. Alichomoa nyuzi za pindo la mtandio wenyewe, akaziba tundu sabini na moja kwa siku kumi na mbili, macho yanamchuruzika.

Akafuata Khairun. Zari ya namna ile haikupatikana tena. Akafungua sanduku lake, akafumua mtandio wake mwenyewe wa harusi, akauhamisha uzi ule nakshi kwa nakshi.

"Kwetu hizi tunaziita embe," akasema.

"Embe gani lenye mkia?" akajibu Somoe. "Korosho hizo, bibi we. Shona."

Ikawa zamu ya Mwanahawa. Khairun alipomkabidhi mtandio, akamwambia mlangoni, "Chunga malaika, shoga."

Mwanahawa, mtu wa tasbihi, akalipokea neno lile kwa namna ya msikitini. Akadhani ni kwa ajili ya marehemu. Akatia udhu, akafukiza udi, akasoma Fatiha, kisha akaishusha pasi ya moto. Alipoinyanyua, palibaki umbo la pasi, pamelala, panang'aa kama kipara. Ndipo alipofahamu. Bahameli ina malaika kama shavu la mtoto, vile vinyweleo laini, na yeye amevilaza.

Siku ile ile Mzee akaja kuutazama, Khairun na majirani nyuma yake. "Nani kafanya haya?"

Khairun akaitazama ile alama, akamtazama Mwanahawa. Mwanahawa akatazama chini, akavuta punje ya tasbihi, na nyingine.

"Huenda ni mimi," akasema Khairun. "Niliukalia nikishona."

Mzee akamgombeza mbele ya majirani. Na ulimi wa Mwanahawa, uliozoea kumtaja Mungu tangu alfajiri, haukupata neno moja la kweli.

Walipoondoka, akabandika sufuria ya maji. Akautandaza mtandio juu ya mvuke, akawa anavinyanyua vinyweleo kwa brashi laini, siku mbili, vidole vimeungua. Kila vilipoinuka alisema astaghfirullah. Alama ikafutika. Na si alama tu: hata mikunjo ya miaka ishirini ikaondoka, bahameli ikasimama kama siku ilipovaliwa na mwenyewe.

Asubuhi ya harusi Mzee alipouona, alikaa kitini. "Nani kaufufua?"

Watu wote wakamtazama Mwanahawa. Naye, mtandio mikononi, akasema, "Niliyeuua ni mimi. Khairun alinisitiri, nami nikanyamaza akitukanwa. Sistahili."

"Asiyestahili mbona bado ameushika?" akasema Somoe. "Bila sindano yangu, mvuke wako ungepita kwenye matundu."

Khairun akasema taratibu, "Mimi nilitoa dhahabu yangu, na nikabeba aibu ambayo haikuwa yangu. Lakini aliyekiri mbele ya watu wote hawa, yeye naye katoa kitu."

Kweli Mwanahawa alikuwa bado ameushika. Vidole vilimtaka auachie, na vidole vile vile vikakataa.

Nargis alikuwa ameketi katikati yao, kichwa wazi. "Baba," akasema, "shehe anasubiri. Mama yangu ni yupi?"

Mzee akafumba macho, na mpaka leo sijasikia alijibu nini.

Haya, nyinyi mliosikiliza: aliyeziba, aliyetoa, au aliyeharibu akafufua? Ungekuwa wewe ndiye Mzee, ungeunyanyua mkono wa nani?