Mama Kanga na Watoto Walioazimwa

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Masikio je?"

"Yamefika, yanangoja!"

Hapo kale, kale sana, katika bonde moja aliishi Mama Kanga. Aliwalea watoto wa wanyama waliofiwa na wazazi: Kima mdogo, Digidigi mdogo, Kobe mdogo na wenzao. Nyumba yake ilikuwa na sheria moja: hakuna ajaye kula mikono mitupu. Jua lilipofika utosini, Mama Kanga aliita:

"Keke-keke, njooni tule!
Kila mmoja na chake, njooni tule!"

Hapo Kima alileta mkeka, Digidigi alileta chungu, na Kobe, nyuma ya wote, alileta mwiko.

Mwaka mmoja mvua haikunyesha. Mtama wa Mama Kanga ukaisha, likabaki tumaini moja: ghala la wakfu la Mzee Ndovu. Ghala hilo mababu wa Ndovu waliliacha kwa ajili ya wanaolea watoto na kuihudumia jamii. Kila kiangazi Ndovu aliwatembelea waombaji, akajionea mwenyewe, kisha akamchagua mmoja. Mama Kanga asipochaguliwa, angelazimika kuwatawanya watoto, kila mmoja ashike njia yake.

Fisi naye akalitamani ghala lile, akaomba pia. Asubuhi ya ziara ya Ndovu akabisha hodi kwa Mama Kanga.

"Jirani, niazime mkeka. Nina mgeni."

Katika bonde lile, kumnyima jirani kitu cha kuazima kulikuwa aibu. Kumtangaza aliyeazima kulikuwa aibu kubwa zaidi. Mama Kanga akampa.

Fisi akarudi. "Jirani, niazime chungu na mwiko wake." Akampa.

Akarudi mara ya tatu, anachekacheka. "Sasa niazime watoto."

"Watoto, Bwana Fisi? Kwani watoto ni ungo? Na meno yako hayo!"

"Leo nimeshiba, naapa! Ni kitambo kidogo tu. Nyumba isiyo na watoto humchosha mgeni. Nitawalambisha asali."

Mama Kanga akasita, akawaza aibu ya kunyima, akampa.

Ndovu akaanzia kwa Fisi, kisha akafika kwa Mama Kanga.

"Mama Kanga, uliomba mtama wa watoto. Mkeka wanaokalia uko wapi?"

"Haupo, mzee."

"Chungu?"

"Hakipo, mzee."

"Na watoto wenyewe?"

Mama Kanga akainamisha kichwa. "Kwa sasa… hawapo, mzee."

"Kwa Fisi nimeviona vyote. Hesabu yangu ni rahisi," akasema Ndovu, akageuka aondoke.

Mama Kanga akasimama uani, moyo mzito. Jua likafika utosini. Koo lililozoea halikungoja ruhusa:

"Keke-keke, njooni tule!
Kila mmoja na chake, njooni tule!"

Akaona haya. Amwite nani, ampe nini?

Mara vumbi likatimka njiani. Kima huyo, mkeka kichwani! Digidigi huyo, na chungu! Wenzao wakafuata, na nyuma yao Fisi akihema: "Rudini! Asali bado ipo! Mgeni ataru…" Akamwona Ndovu, akaganda.

"Bwana Fisi," akasema Ndovu, "mbona watoto wako wanakwenda kula kwa jirani?"

"Wana… wana shingo ngumu, mzee."

"Na mkeka wako, nao una shingo ngumu?"

Watoto wakaangua kicheko, na Ndovu mwenyewe akacheka hadi masikio yakapepea.

"Nami nimekosea," akasema. "Nimetazama nilivyopangiwa, sikungoja saa ya kula. Mtama ni wa Mama Kanga. Na wewe Fisi, utambebea magunia yake hadi mvua inyeshe."

"Akishatua mzigo, naye ale," akasema Mama Kanga. "Maadamu hatakuja mikono mitupu."

Ndipo Kobe akatokea, mwiko mgongoni. "Nimechelewa?"

Ngano hii yatufunza kwamba mlezi wa kweli hujulikana kwa sauti ambayo watoto huikimbilia, wala si kwa vitu alivyovipanga mbele ya mgeni. Atakaye kusaidia na aketi kwanza, angoje aisikie sauti hiyo.

Hapo ndipo ngano yangu ilipotua. Aliyesikia aende nayo; aliyesinzia akaiazime kwa jirani, lakini airudishe!