Kayamba la Bibi Nimwaka

Hapo zamani, zamani ya juzijuzi tu, Lungalunga paliishi Bibi Nimwaka. Alijua wimbo wa harusi ulioanza adhuhuri ukaisha jua likitua, na hakuna mwingine aliyeujua wote. Akawaita wajukuu zake watatu. "Atakayeihifadhi sauti yangu," akasema, "kayamba langu ni lake."

Mwanakombo, aliyeishi naye, akamrekodi kwa kamera, akiimba, akikohoa, akicheka. Faili likawa kubwa ajabu. Barua pepe ikalikataa, simu ikalikataa.

Shebwana, fundi wa kompyuta Nairobi, akajenga ghala mtandaoni. Ghala hilo halikusahau kitu: faili likibadilishwa, lilikumbuka sura ya zamani, nani kaligusa, na kompyuta gani imelichukua. Mafaili makubwa, wimbo wa Bibi ukiwamo, yaliwekwa chumba cha nyuma chenye nafasi ndogo, ghala likabaki na kumbukumbu zake tu.

Tabu, mwalimu wa Voi, akaushusha wimbo wote kwenye kompyuta yake kuukuu. Nafasi haikutosha. Akafuta picha za harusi yake mwenyewe.

Bibi akafariki. Mwanakombo, akiandaa arobaini, akaona kikohozi kile ni aibu mbele za watu. Akakikata, na bila kujua akakata na beti. Chumba cha nyuma kilikuwa kimejaa. Ili faili jipya liingie, akalifuta la kwanza, huko na kwenye kamera. Aliposikiliza, wimbo ulikuwa umekatika katikati. Akampigia simu Shebwana.

"Shebwana, kaka yangu, nimemuua Bibi mara ya pili!"

Shebwana akalifungua ghala. Faili lenyewe halikuwapo, ila kumbukumbu yake ilikuwapo, nayo ilitaja kompyuta moja. Akapiga simu Voi.

"Tabu! Usiilandanishe kompyuta yako na ghala! Ukibonyeza tu, faili lililokatwa litalifuta lako!"

"Mkono wangu uko hapohapo," Tabu akajibu, akauondoa taratibu kama anayeondoka penye nyoka.

Siku ya arobaini Tabu akaja Lungalunga na kompyuta ameipakata. Uani wanawake wakaketi. Sauti ikatoka, nzima, na kikohozi chake. Bibi akakatiza ubeti, akauliza, "Mwanakombo, mwanangu, umekula?"

Mwanakombo akajikuta akiitika, "Nimekula, Bibi," machozi yakimtiririka. Vikongwe wakasimama, wakaitikia wimbo waliodhani wameuzika.

Ulipokwisha, kayamba likaletwa, likawekwa mkekani.

Tabu akasema, "Mimi ndiye niliyekuwa nao. Nimetoa harusi yangu kwa ajili yake."

Shebwana akasema, "Ulikuwa nao, lakini hukujua kwamba ni wewe peke yako uliyebaki nao. Kidogo uufute kwa mkono wako. Ghala langu ndilo lililojua."

Shangazi yao, binti wa Bibi, akamsemea Mwanakombo: "Amefuta, kweli. Lakini asingeketi na mama mchana kutwa, nyinyi mngehifadhi nini? Na sote tumesikia mama kamwita nani."

Kayamba likabaki mkekani.

Enyi mliosikiliza, mngelinyanyua nyinyi, mngemkabidhi nani?