Bilauri ya Posa

Mtaa mzima wa Msufini ulinunua maji kwa Bwana Sekiete, kwenye kisima alichokichimba ubavuni mwa shimo lake la choo. Kila aliyelalamika kuwa watoto wanaharisha aliambiwa akafunze wanawe kunawa mikono. Mwenyewe alikunywa ya chupa.

Siku alipokwenda na wazee kumposea mwanawe, shangazi wa binti, Bi Sikujua, aliwakaribisha mkekani kwa heshima zote, akamwekea Sekiete bilauri ya maji.

"Karibu maji, baba. Mgeni asiyegusa maji yetu, hatuzungumzi naye habari za ndoa."

"Ahsante. Mmeyachota wapi?"

"Kisimani kwako. Tukikupa ya mwingine si utasema tumekudharau?"

Sekiete aliitazama bilauri. Aliona kama ina umanjano, na pua ikamwambia mengine.

"Leo nimefunga," akasema.

"Na sambusa ulizokula hapo barazani, zilikuwa za daku?"

Wazee wakainamia mkeka. Sekiete akaisogeza bilauri kando.

"Shangazi, tusifichane. Kesho naleta mafundi. Shimo nalifukia, na kisima nachimba kingine mbali. Haya niondolee."

"Unasema mbele ya wazee hawa?"

"Mbele yao, na Mungu anasikia."

Bi Sikujua akaichukua bilauri, akayanywa maji yote taratibu, akajifuta mdomo kwa upindo wa khanga.

"Haya ya dukani, mkwe. Ya kwako humu ndani hata paka hatumpi. Tuzungumze mahari."