Nusu na Ful

Mwaka ule Mwenyezi Mungu aliizuia mvua, na hakuna aliyethubutu kumuuliza sababu, maana kila mnyama wa Bonde la Nyasikavu aliijua dhambi yake. Chemchemi pekee iliyobaki ilikuwa nyuma ya milima. Watoto wakawa wanalamba umande. Ndipo wanyama wakarina mizinga yote, wakajaza pipa la asali, wakasema tununue gari la kuchotea maji. Petroli waliyokuwa nayo ilikuwa kidogo, na ilipaswa kuwafikisha hadi masika.

Fisi akajitolea kwenda kununua. "Mimi nina pua," akajisifu. Kweli alikuwa nayo, ila pua ile ilijua njia moja tu, ya kwenda tumboni.

Muuza magari alikuwa Sungura. Uani kwake yalisimama magari mawili marefu, mapacha kwa sura. Moja lilikuwa la petroli tupu, lenye mapambo ya daraja la juu, nalo lilikosa mnunuzi hata kanga wakataga kwenye buti. La pili lilikuwa haibridi, injini yake ikisaidiwa na betri. Lilikuwa la daraja la chini, na Sungura alilipanda mwenyewe.

"Karibu, shemeji!" Sungura akamlaki, ingawa hakuna sungura aliyewahi kuoa kwa mafisi.

"Lipi jema?" Fisi akauliza.

"Hili la haibridi ni nusu. Nusu petroli, nusu umeme. Viti vya kitambaa, dirisha la paa halina. Lile pale ni ful."

"Ful vipi?"

"Ful petroli, ful kiyoyozi, ful viti vya ngozi. Kioo cha ramani kama sinia la pilau. Hata viti vinapashwa moto."

"Kwa joto hili?"

"Shemeji, kitu ful hakiulizwi cha nini."

Fisi akaingiza kichwa ndani. Harufu ya ngozi ikampanda, mate yakachuruzika mpaka kwenye breki. Isitoshe, neno "nusu" lilimkera tangu enzi za kugombania mfupa na kaka zake. Moyoni kitu kikamnong'oneza: uliza linakunywa kiasi gani. Mola hamnyimi mja onyo. Fisi alilisikia, akalimeza.

"Nusu wape maskini," akasema. "Mimi nachukua ful."

"Ndiyo maana nakupenda! Ful ni bora kuliko nusu kwa kila hali. Naapa!" Sungura akasema, huku akilisukumia pipa la asali ndani.

Safari ya kwanza, Fisi akashika usukani, Simba akakaa mbele, maana mfalme hakai nyuma. Wakafungua dirisha la paa ili manyoya ya mfalme yapepee. Kiyoyozi kikavuma, kioo kikaimba, kiti kikamchoma mfalme makalio. Kwenye mlima wa pili gari likakohoa, likanyamaza. Petroli waliyoipimia wiki nzima ilikuwa imekwisha, na tone la maji hawajaliona.

Wakarudi kwa miguu. Ngedere wakawasubiri matawini.

"Mfalme, gari limekushusha au wewe umelishusha?"

"Nanyoosha miguu!" Simba akanguruma.

Papo hapo Sungura akapita ndani ya haibridi yake, kimya kama paka, mitungi ya maji imejaa nyuma. Akawapungia mkono.

Barazani, mbele ya akina mama waliobeba watoto wenye midomo iliyopasuka, Fisi alisimama mkia katikati ya miguu. Alitamani kusema gari ni bovu. Lakini mtoto mmoja wa swala alikuwa akimtazama tu, hata kulia hawezi.

"Wazee, kosa ni langu," akasema. "Nilinunua kwa tumbo. Na mnisamehe jingine: tulipokwama, nilikula kiti cha nyuma."

Hakuna aliyecheka. Fisi akasimulia kiapo cha Sungura, na Simba akaagiza aletwe, na haibridi yake.

"Uliapa kwamba ful ni bora kuliko nusu kwa kila hali?" Simba akamuuliza.

Sungura akatazama huku na huku. Akikana, amekiri kwamba alidanganya. "Niliapa, Mfalme."

"Basi tunakupa kilicho bora. Chukua ful lako, utuachie nusu. Sisi ni maskini."

"Lakini Mfalme, kiti..."

"Na gari likiwa nusu," Fisi akadakia, maana kwenye asali akili yake huamka, "bei yake nayo ni nusu. Turudishie nusu pipa!"

Baraza zima likapiga makofi. "Basi nipeni walau petroli kidogo, nilitoe mlimani," Sungura akaomba.

"Haibridi inakunywa kidogo, shemeji," Fisi akamjibu, "lakini hicho kidogo ni cha watoto."

Jioni ile watoto wa Nyasikavu walikunywa wakashiba, na mama zao wakamshukuru Mungu kwanza, kisha betri. Sungura alikuwa bado mlimani, analisukuma ful lake kwa kifua, masikio yameloa jasho, ngedere wakimhesabia mwendo. Wahenga hawakumiliki magari, lakini barabara waliijua: njia ya mwongo ni fupi.